Mgeni Kwenye Sahani

2 Machi

Mume wangu mpenzi, Bwana Sahani,

Nimeandika "mume wangu" nikaweka kalamu chini, nikazunguka chumba kizima, ndipo nikarudi kukaa. Mume wangu! Acha niandike tena, maana karatasi ni yangu na wino ni wangu: mume wangu, mume wangu.

Nyumba inakuulizia. Kiti chako kimekaa kama kimenuna. Nimeshona mapazia mapya ya chumbani, ya rangi ile uliyosema inafanana na maziwa yaliyotiwa chai, na kila upepo ukiyainua nageuka nikidhani ni wewe umeingia. Kazini nimekuwa kituko. Jana nilimkatia mteja pazia la dirisha kwa urefu wa mlango, akaniambia, "Bi harusi, hili nitalivaa au nitalitundika?" Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akadondosha sindano.

Najua simu zenu zinabaki getini mpaka mkataba uishe, eti siri za utafiti. Sawa. Barua naipenda zaidi, naweza kulala nayo. Lakini usiandike kwa mkato kama unavyoongea. Wewe ndiye uliyeniita Cherehani, eti nikianza kusema sikati uzi. Na mimi nilikuita Bwana Sahani tangu siku uliponiambia kazi yako ni kulisha sahani. Nilidhani unaosha vyombo hotelini, na bado nilikupenda. Usisahau hilo.

Mama amehamia chumba cha nyuma ili nisikae peke yangu. Bado ana vituko vyake. Asubuhi natoka chumbani peke yangu, nywele timtim, naye ananiamkia: "Hamjambo? Mmelalaje?" Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kwetu, ukaninong'oneza, "Anamsalimia nani mwingine?" Ndivyo alivyo tangu nikiwa mdogo. Mimi mmoja, ananisalimia kama darasa. Mimi hujibu "sijambo, mama" na maisha yanaendelea. Na nikikaa kwenye mashine tu, yeye huyo, anatoka nje. Anasema mlio wa cherehani unampa kizunguzungu. Tena hasa mguu wangu ukianza ule mwendo wake, mbili za haraka na moja ya kuvuta, ule uliokuwa unakuamsha wiki ile ya fungate ukidhani kuna mtu anabisha hodi.

Kovu la mkono wangu limefifia, pale nesi wenu aliponikata kijipande cha ngozi kama punje ya mchele wakati wa uchumba wetu. Wasichana wengine huvishwa pete. Mimi mchumba wangu aliomba ngozi! Basi niambie, niko salama huko? Unanilisha vizuri?

Mkeo (mkeo!),
Cherehani

*

11 Machi

Cherehani wangu,

Uko salama. Uko kwenye kabati la joto, ambalo lina joto la mwili wa mtu, kwenye rafu ya chini ambako mlango ukifunguliwa baridi haikufikii. Una sahani mbili. Nimeziandika kwa wino wa buluu, CHEREHANI YA KWANZA na CHEREHANI YA PILI. Bosi alizisoma akaniuliza kama tumeanza kutafiti nguo.

Umeniambia nisiandike kwa mkato, basi nisikilize. Ile ngozi yako tuliitenganisha, seli moja moja. Ukitaka kujua ukubwa wa seli, chukua ncha ya sindano yako nyembamba kuliko zote. Pale kwenye ncha zingekaa nyingi na zisibanane. Kisha tulizirudisha utotoni. Kuna dawa inayozisahaulisha kwamba ziliwahi kuwa ngozi, zikawa kama siku ile mtu anapoanza kuumbwa. Halafu tukachagua seli moja hapa, nyingine pale, kila moja tukaiacha izaliane kwenye sahani yake. Mwisho tukazifundisha kuwa moyo.

Na zinapiga, mke wangu. Hakuna mwili wala damu, ni kitambaa chembamba cha nyama kisichojaa ukucha, kinakunja na kukunjua. Mara ya kwanza nilipokiona nilijikuta nimeshika kifua changu mwenyewe.

Tunachotafuta hapa ni jinsi zinavyoongea. Seli hutoa vifuko vidogo sana, inavifunga, inaviachia vielee. Ndani kuna ujumbe. Seli nyingine inakipokea kifuko, inakifungua, inasoma, na inabadilika kwa ilichosoma. Yaani barua. Mwili wako mzima ni posta isiyofunga mlango. Barua nyingi hatujui zinasema nini wala nani kamwandikia nani. Na ukiyaweka makundi mawili ya seli za moyo yagusane, kila moja likiwa na mapigo yake, baada ya muda yanakubaliana na kupiga pamoja. Bosi anasema ni umeme na kemia. Mimi nikiangalia nakuona wewe na mimi.

Nakulisha kila asubuhi kabla sijanywa chai yangu.

Mumeo,
Bwana Sahani

*

19 Machi

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Mimi nikiangalia nakuona wewe na mimi." Nilimsomea mama sehemu hiyo akafunika uso kwa kanga, akasema, "Makubwa!" Lakini alikuwa anacheka. Nilipomsomea ile ya kusahaulishwa ngozi na kurudi utotoni, aliacha kucheka. Akaniuliza kama zinakumbuka. Nikasema, mama, zinakumbuka nini na ni ngozi tu? Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Naomba kitu. Chukua ngozi yako na wewe. Ifundishe kuwa moyo, uiweke karibu na mimi, tupige pamoja. Nikikuomba kitu kingine mwaka huu niite mroho.

Kuna jambo dogo la ajabu nikuchekeshe. Jana mchana uzi ulikatika katikati ya pindo. Nikainama kuutafuta mwisho wake, nimeutafuta weee, ndipo nikasikia mashine inakwenda. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga. Mbili za haraka, moja ya kuvuta. Sindano inapanda na kushuka bila uzi, na mimi sikuwa nimeuambia mguu kitu. Nikaushika goti ndipo ukatulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakutoka nje safari hii, aliutazama tu ule mguu.

Nina jingine ambalo sisemi. Usiniulize. Nikianza kusema sikati uzi, kwa hiyo nimeufunga fundo kabisa.

Wako kuanzia unyweleni,
Cherehani

*

2 Aprili

Mke wangu,

Barua hii ni fupi kwa sababu sijui kuiandika kwa urefu.

Una mgeni. Nimepima sahani yako ya pili, nikarudia kupima, nikampa mwenzangu apime bila kumwambia ni ya nani. Jibu ni lilelile. Mgeni yupo, na ni wa kiume.

Nataka nilisikie kwako. Je, ulijua? Niambie ukweli, hata kama ulikuwa unaficha. Sitakasirika.

Mumeo

*

8 Aprili

MUME WANGU!

Umejuaje? Umejuaje, wewe mchawi wa sahani! Nimepiga kelele mpaka jirani kaja na mwiko mkononi. Kumbe ukiniambia seli zinaandikiana barua ulikuwa humaanishi mambo ya darasani! Zimekuandikia hata wewe, mbali hivyo, kabla yangu! Nami nilikuwa nimejibana, nang'ata ulimi, nimeficha kila kitu ili nije nikuonyeshe kwa macho yako ukirudi.

Ndiyo, najua. Nimemjua tangu siku ya kwanza, kabla mtu hajanithibitishia. Mwanamke hajui? Nimembeba kimya kimya muda wote huu nikikuandikia habari za mapazia. Na wa kiume! Moyo wangu ulikuwa unaniambia ni wa kiume. Wakati mwingine nikikaa peke yangu kwenye mashine naongea naye. Usinicheke.

Hapa nyumbani anayejua ni mama tu. Nilipomwambia alikaa chini palepale sakafuni. Alilia, kile kilio cha mtu anayecheka ndani yake, akanishika tumbo na mikono yote miwili, akasema, "Safari hii tumtunze." Basi tangu siku hiyo ananipikia kama niko jeshini.

Asante kwa kusema hutakasirika. Ukasirike nini, mpenzi wangu? Harakisha kuandika. Niambie umefurahi kiasi gani. Tumia karatasi nyingi.

Wako, na wake,
Cherehani

*

26 Aprili

Mume wangu,

Gari linaloleta barua zenu limepita tena leo. Nimesimama nje na chaki ya kupimia bado iko sikioni. Dereva akasema, "Hakuna, dada." Juma lililopita alisema hivyohivyo, ila leo alisema bila kunitazama.

Unaumwa? Mkono wako umeumia? Kama ni mkono, mwombe mtu akuandikie, hata neno moja. Nimejaribu kukumbuka kila nilichoandika. Au hukupenda nilivyokuficha habari? Nilikuwa nataka tu kukufurahisha.

Mguu unaendelea na mambo yake. Jana ulianza nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, mbali na mashine. Kisigino kwenye sakafu. Mbili za haraka, moja ya kuvuta. Nikakumbuka ulivyokuwa unaruka kitandani ukisema nani anabisha. Nikajikuta nami nimesema kwa sauti, "Nani?"

Andika.

Cherehani

*

29 Aprili

Kwako,

Siumwi. Mkono ni mzima. Nilikuwa naisoma barua yako.

Nilikuuliza swali nikiamini utaniambia hujui chochote. Nilikwisha kujiandaa kukuamini. Nilikaa na vitabu, nikatafuta kila njia ambayo seli za mwanamume zinaweza kuingia kwenye mwili wa mwanamke na zikaishi humo. Njia ninayoijua vizuri ni moja. Mama akibeba mimba, seli za mtoto huvuka zikaingia kwake. Mtoto anazaliwa, anaondoka, seli zake zinabaki kwenye ini, kwenye ngozi, kwenye moyo, miaka na miaka. Hapa kazini seli isiyo ya mwenye sahani tunaiita mgeni. Sahani yako ya pili yote imezaliwa na seli moja ya mtu wa kiume. Na ile ngozi tuliichukua mwaka jana. Hatukuwa tumeoana. Hatukuwa hata tumeshikana mikono hadharani.

Nawe ukanijibu kwa furaha! Umembeba kimya kimya. Unaongea naye. Mama yako anajua. "Safari hii tumtunze." Safari hii, kwa maana kulikuwa na safari nyingine. Huyo wa kwanza yuko wapi? Analelewa na nani? Au mlimfanya nini?

Ningekuoa hata kama ungekuja na mtoto mgongoni. Ninachoshindwa ni kwamba watu wawili mmekaa ndani ya nyumba yangu mnamjua, na mimi nimemjua kupitia darubini.

Bosi anataka sahani zenye wageni zimwagiwe dawa, kabati lisafishwe. Yako nitaimwaga mwenyewe Jumatatu. Mkataba ukiisha, sina hakika kama nitashukia kituo cha nyumbani.

Aliyekuwa Bwana Sahani

*

5 Mei

Mume wangu,

Bado nakuita hivyo, na nitakuita hivyo mpaka umalize kusoma barua hii. Baada ya hapo utaamua mwenyewe uitwe nani.

Nimekaa chini nimeisoma barua yako na mikasi iko mapajani. Nilianza kulia. Katikati nikaanza kucheka. Kisha nikaogopa, na bado sijaacha kuogopa.

Wewe ni mwerevu wa darubini lakini hujui lugha ya nyumbani. Ukimwandikia mwanamke aliyeolewa juzi kwamba "una mgeni", unadhani ataelewa nini? Nina mimba! Mimba yako wewe, ya fungate yetu, mkunga kaithibitisha. Huyo ndiye niliyemficha. Huyo ndiye ninayeongea naye kwenye mashine. Nilidhani ngozi yangu ya huko imekupelekea habari, nikakuona mchawi, nikapiga kelele za furaha, na wewe ukasoma kelele zangu kama ushahidi.

Mgeni wako na mgeni wangu ni watu wawili. Wa kwako simjui. Sijawahi kuzaa. Kabla yako sijawahi hata kumfungulia mtu mlango wa chumba. Hilo nasema mara moja tu, sitalirudia kwa kuapa kama mwizi sokoni.

Lakini "safari hii" haikunitoka mimi. Ilimtoka mama, na mimi kwa furaha zangu niliipita. Nilimfuata jikoni na barua yako.

Nikamwambia, "Mama, 'safari hii' ilikuwa na maana gani?"

Akasema, "Maneno tu, mwanangu."

Nikasema, "Mama, nyumba yangu inabomoka. Mume wangu ameona seli za mtu wa kiume kwenye ngozi yangu. Anasema nina mtoto nimemficha."

Sufuria lilikuwa mkononi mwake. Aliliweka chini taratibu sana. Hakuniuliza seli ni nini, wala aliyeonekana ni nani. Aliuliza hivi, na nimeandika kama alivyosema: "Yuko hai?"

Nikamwambia, kwenye sahani, ndiyo, amefundishwa kuwa moyo na anapiga.

Alitoka jikoni akaenda chumbani kwangu, akakaa pembeni ya mashine. Mama yangu! Karibu na mashine! Akasema, "Kanyaga." Nikasema sina cha kushona. Akasema, "Kanyaga tu, nimsikie." Nikakanyaga. Alifumba macho mpaka nilipochoka. Kisha akaomba karatasi akasema ataandika mwenyewe, kwako, kwa sababu kwangu anaona aibu.

Sijaisoma barua yake. Nimeibandika mbele yake, naituma pamoja na hii.

Kama umeshamwaga, umeshamwaga. Kama hujamwaga, ngoja. Na kama utaniamini kwa sababu mama kasema, basi baki huko huko. Nataka uniamini mimi.

Cherehani

*

5 Mei

Mkwe wangu,

Nakusalimu kwa heshima. Naomba radhi kwa mwandiko, na kwa mtu wa umri wangu kumwandikia mkwe mambo ya uzazi.

Mke wako hana kosa. Walikuwa wawili. Nilibeba pacha. Mvulana alitangulia kutoka, na hakulia. Mkunga alimpangusa, akampuliza, akamgeuza. Moyo wake haukupiga. Kisha alitoka mke wako, akalia kwa wote wawili. Mpaka leo hajanyamaza, unamjua.

Mkunga alisema makondo yao ya nyuma yalikuwa yameshikana kama viganja, kama watu waliokuwa wanapeana vitu. Mume wangu alimzika mwanetu mimi nikiwa bado kitandani. Ndugu wakaniambia nisimtaje, mtoto aliyebaki asije akajiona nusu. Nikawatii. Sikumtaja. Lakini kila nikimwona binti yangu asubuhi ulimi ulikataa kumsalimia mmoja. Hicho ndicho nilichoshindwa kukizuia.

Kuna jingine, na ukiniona nimechanganyikiwa nivumilie. Tumboni binti yangu alikuwa mtulivu. Aliyekuwa anapiga mateke ni yule mwingine, upande wa kulia. Nilimjua kwa teke lake. Mbili za haraka, moja ya kuvuta. Mateke yalikoma siku chache kabla sijajifungua. Miaka ilipita, nikamnunulia binti yangu cherehani, akaweka mguu kwa mara ya kwanza. Nilitoka nje nikashika ukuta. Tangu hapo sijaweza kukaa ndani akishona.

Sijui hiyo sahani yenu. Nakuomba tu, kama bado anapiga, usimmwagie dawa. Mimi moyo wake sikuusikia hata mara moja.

Mama mkwe wako

*

16 Mei

Mke wangu,

Sijaimwaga. Na nataka ujue kwamba niliamua kutoimwaga kabla barua zenu hazijafika, maana najua hicho ndicho utakachotaka kujua kwanza.

Jumatatu ile nilitoa sahani ya pili nikaiweka mezani, dawa iko mkono wa kulia. Nikasema niitazame mara ya mwisho, nijue ninachokichukia. Hadi siku hiyo nilikuwa nimezihesabu seli, nimezipima, nimezipaka rangi. Sikuwa nimekaa tu kuziangalia. Nikainamia darubini. Ile ya kwanza hupiga kama saa ya ukutani, sawasawa, haina jambo. Hii ilikuwa tofauti. Ilijikunja mara mbili upesi, ikajivuta. Ikatulia. Mara mbili upesi, ikajivuta.

Mwili wangu ulijua kabla ya akili. Niliinuka kwenye kiti nikageukia mlango nikasema, "Nani?"

Ndipo nikakumbuka nimewahi kusema hivyo wapi. Nilisikia cherehani yako, mke wangu, ndani ya maabara isiyo na sauti. Nikajiambia, hiki kitu sijui ni nini, lakini mwanamke aliyelala ubavuni mwangu na kucheka kila nilipodhani kuna mtu anabisha hakuwa ananificha mtu. Naye hajui nani anabisha. Nikairudisha sahani kwenye kabati. Nilikuwa nimeanza kukuandikia msamaha nilipoletewa bahasha yenu, na nusu ya barua hiyo nimeiambatanisha uone tarehe. Lakini hata usipoitazama tarehe, niamini. Sasa ni mimi ninayeomba kuaminiwa.

Pacha ni njia ambayo nilipaswa kuifikiria. Ipo vitabuni. Makondo yakishikana, seli huvuka, huyu anaingia kwa yule na kukaa. Wivu ulinipofusha nikasoma ukurasa mmoja nikafunga kitabu. Na tutakuwa na mtoto, na nimeipokea habari hiyo nikiwa nimekunja uso! Nimeisoma tena barua yako ya Aprili, mara hii nikijua inasema nini. Nimelia chooni, mahali pekee penye mlango wa kufunga.

Nimemweleza Bosi. Alisema sahani haimwagwi, na kama mama atakubali, inaweza kuendelea kutunzwa. Mwambie mama anapiga. Mwambie nimemtazama kwa niaba yake.

Kuna jambo la mwisho. Nilifikiria nisikuandikie, lakini tumeshaona kuficha kunafanya nini. Uliniomba tupige pamoja mimi na wewe. Sikuthubutu kujiweka humo baada ya niliyoyafanya. Niliwaweka ninyi wawili. Kipande cha sahani ya kwanza na kipande cha sahani ya pili, karibu karibu, kwenye maji mamoja. Siku ile kila mmoja alipiga kivyake. Kesho yake nilikuta wamegusana na wamekubaliana. Kawaida mwenye mwendo wa kasi ndiye anayemwongoza mwenzake, na wako wewe ulikuwa wa kasi zaidi. Nilijua nitakuta saa ya ukutani.

Sikuikuta. Wote wawili walikuwa wanapiga mbili za haraka, moja ya kuvuta. Bosi amekuja na maelezo, na ni maelezo mazuri. Nimeyaandika yote. Nikienda kulisha asubuhi nabisha kwenye mlango wa kabati kabla sijafungua.

Niruhusu nirudi nyumbani.

Bwana Sahani, kama bado nafaa kuitwa hivyo

*

24 Juni

Mume wangu mpenzi, mpenzi, mpenzi, Bwana Sahani,

Rudi. Nimekuacha ukae na swali lako muda mrefu, si kwa ubaya, nilitaka hasira iishe yenyewe ili usije ukaikuta imekaa kwenye kiti chako. Imeisha. Nimekifuta vumbi. Tarehe hiyo sikuitazama, ujue. Nusu ya barua yako niliiweka chini ya mto bila kuigeuza.

Mkataba ukiisha shuka kituo chetu, nitakuwa nimesimama pale na tumbo langu, usije ukanipita ukidhani ni mwanamke mwingine. Nimenenepa! Mapazia ya chumbani nimeyashusha nimeshona tena, maana rangi ya maziwa na chai ilinikumbusha Aprili. Sasa ni ya buluu, kama wino wa sahani zangu. Zetu.

Mama sasa hukaa ndani nikishona. Analeta kigoda chake, anaegemea mashine. Sijui kama nashona mimi. Zamani nilikuwa naogopa mguu ukianza wenyewe. Siku hizi nauacha. Wakati mwingine najiuliza kitu gani ndani yangu ni changu, kicheko hiki, kupenda hivi, haya maneno yasiyokatika. Kisha najiambia, kama alinisaidia kukupenda, basi namshukuru. Umependwa na watu wawili, mume wangu. Jione tajiri.

Ulisema mtoto naye huvusha seli zake kwa mama, zikabaki. Na mimi je, vya kwangu havivuki kwenda kwake? Hivyo vifuko, hizo barua? Hukuniandikia hilo. Nadhani najua kwa nini hukuniandikia.

Leo mchana nilikuwa nimelala kwenye kochi, miguu yangu yote miwili juu ya mto, imetulia. Mama alikuwa anakunja nguo. Mtoto akapiga. Mara ya kwanza! Nikamwita mama kwa kelele, akaja mbio, nikaweka kiganja chake upande wa kulia. Tukasubiri. Ikaja, mpenzi wangu, wazi kama mtu anayebisha mlango ambao anajua utafunguliwa. Unajua jinsi ilivyokuja. Sihitaji kukuandikia.

Mama hakulia. Alibaki ameinama, kiganja hapohapo, akasema polepole kama anavyosema kila asubuhi ya maisha yangu:

"Hamjambo?"

Na kwa mara ya kwanza, mume wangu, nilimjibu vizuri.

"Hatujambo, mama."

Njoo.

Sisi, wako